Mkwe Aliyekagua Sufuria za Dada Yangu

Ukija Nairobi na unataka kula barabarani, mimi si mtu wa kukukataza. Nimekula kwenye vibanda vya mji huu tangu nilipoota meno, na kama kuna mdudu ambaye hajawahi kupita tumboni mwangu, basi bado hajazaliwa. Nitakufundisha kwa moyo mmoja. Ila siku hizi naanza kwa kukwambia mahali masomo yangu yanapoishia, kwa sababu mgeni mmoja alinielewa vizuri kupita kiasi, na ilibaki kidogo tu binti wa dada yangu akose mume.

Mgeni huyo alitoka Dar es Salaam. Walikutana na binti yetu kazini huko, wakapendana, na sasa alikuwa anakuja kwa ruracio, siku ambayo upande wa mume huleta mahari na wazee wa pande mbili wakakaa kuzungumza. Wajomba zake wangefika kwa basi Ijumaa. Yeye alikuwa na likizo, akatangulia Jumatano.

Dada yangu mkubwa hakutaka mtoto wake aolewe mbali. Hakusema hapana. Alisema "tutaona," na ukimjua dada yangu, "tutaona" ni hapana ambayo bado inatafuta sababu. Binti akanipigia simu.

"Anti, nakuomba, mfikishe huyu mtu Jumamosi akiwa mzima. Mum anangoja tu kisababu."

Na kisababu kilikuwa rahisi kupatikana. Siku hiyo bwana harusi hukaa chini ya hema mbele ya ukoo mzima, huku wazee wakibishana ndani ya nyumba. Kwa dada yangu, upande wa Dagoretti, choo kiko nyuma karibu na zizi la ng'ombe, na njia ya kwenda huko inapita mbele ya viti vya shangazi wote. Ukipita mara moja wanakusalimia. Ukipita mara tatu wanaanza kujadili afya yako na ya watoto ambao bado hujawazaa.

Jumatano asubuhi nilimkuta mgeni wetu Hurlingham, kwenye nyumba ya wageni iliyo karibu na ofisi ninayofanyia kazi. Akainama kidogo.

"Shikamoo, mama mdogo."

Nairobi hakuna mtu anayeniamkia hivyo. Niligeuka nyuma kuona ni bibi gani amepita. Nilipokumbuka kuitikia marahaba, nikaanza somo langu, naye akacheka kwa adabu.

"Mama mdogo, mimi ni mtoto wa Kariakoo. Nimekula mishikaki, miguu ya kuku, chipsi mayai za kila kona. Tumbo langu haliijui hospitali."

Nikamweleza polepole. Tumbo ni kama mlinzi wa ploti. Wapangaji wote anawajua kwa sura, hata wale wezi wezi, na anajua wa kumkazia macho. Mhamishie ploti nyingine asubuhi na mapema, na jioni watu watakuwa wamebeba sofa wakipita mbele yake huku anawapungia mkono. Kwa hiyo siku za kwanza unamsaidia. Unakula kitu kinachotoka motoni, unakunywa maji ya chupa uliyoifungua mwenyewe, na kibichi ambacho hukukimenya kwa mkono wako unakiacha.

"Sawa, mama mdogo," akasema, kwa ile sauti tamu ya mtu ambaye hatafanya hata moja.

Mchana huo akaenda katikati ya mji peke yake. Akanunua yai la kuchemsha, likapasuliwa na kujazwa kachumbari iliyokuwa imeshinda ndooni kwenye jua. Akaliteremsha kwa juisi yenye barafu.

Alhamisi asubuhi simu yangu ikalia.

"Mama mdogo, shikamoo." Sauti ilikuwa na mwangwi. Nilijua mara moja yuko chumba gani.

"Marahaba. Umekula nini?"

"Yai tu."

"Na nini?"

"Na kachumbari kidogo."

"Na nini?"

"Na juisi. Ilikuwa na barafu."

"Pole, mtoto wa Kariakoo."

"Mama mdogo, usinichekeshe. Nikicheka nitaaibika."

Nilimpelekea zile pakiti za chumvi na sukari kutoka duka la dawa, zinazochanganywa na maji safi, nikamwambia anywe kidogo kidogo siku nzima. Nikamwambia pia kwamba akiona damu au homa ikipanda, tunaenda hospitali bila mjadala, hata kama tumbo lake halitaki kutambulishwa. Haikufika huko. Jioni alikuwa ameketi, amepauka, na amekuwa mwanafunzi. Sijawahi kupata mwanafunzi kama yule. Kila nilichosema alikirudia kwa midomo, kama mtu anayejifunza sala.

Ijumaa nikampeleka Westlands, kwenye kibanda kimoja nyuma ya yale maghorofa ya ofisi. Nikamsimamisha pembeni tuangalie kwanza. Foleni ndefu ni jambo jema, nikamwambia, maana chakula hakipati nafasi ya kulala. Ukiona walinzi na watu wa tai wamesimama foleni moja, kaa hapo. Angalia sufuria kama inatokota au inakumbuka tu kutokota. Angalia mkono unaopokea pesa: ndio huo huo unaokunja chapati? Hapo palikuwa na mama wa pesa na mama wa chapati, na hawakubadilishana kazi. Akala ndengu na chapati mbili, akangoja, akasikiliza tumbo lake. Likanyamaza.

Jioni tukashuka Dagoretti Corner kula mutura. Mutura ni utumbo wa mbuzi au ng'ombe uliojazwa nyama na damu, ukachomwa juu ya makaa, na mtu anayekuja Nairobi akaondoka bila kuuonja ametembelea uwanja wa ndege tu. Muuzaji ananijua.

"Niaje, mathe! Leo umeleta nani?"

"Mkwe. Mkatie hapo katikati, palipoiva."

"Na kachumbari?"

"Imekatwa saa ngapi?" mkwe akauliza.

Muuzaji akasimamisha kisu hewani. "Buda, wewe ni mkwe ama ni kanjo?"

Watu waliozunguka makaa wakacheka, kwa sababu kanjo ni askari wa jiji, na hakuna muuzaji anayetaka kumwona. Mkwe hakujali. Akaomba kipande chake kirudishwe motoni mpaka kilie. Kikalia. Akakila, akalamba vidole, akaomba kingine. Nilijivuna kama mwalimu ambaye mtoto wake wa kwanza ameandika jina lake bila kuibia.

Jumamosi ndipo nilipojua kwamba sikuwa nimemwambia mahali pa kuacha.

Majirani walikuwa wamepika tangu alfajiri. Mukimo wa viazi na mahindi ya kuponda, nyama ya mbuzi na wali vilikuwa vimejazwa kwenye hotpoti kubwa juu ya meza, na kachumbari kando. Kwetu bwana harusi hupakuliwa kwanza, na hakuna anayekula kabla yake. Dada yangu alimpakulia mwenyewe. Hema zima likamtazama.

Mkwe akasogeza kiganja juu ya sahani, kuhisi joto.

"Samahani, mama. Hii imepikwa saa ngapi?"

"Alfajiri," dada yangu akasema. "Kwani?"

"Na kachumbari imekatwa na nani?"

"Na mimi."

Akanigeukia mimi, kwa macho ya mwanafunzi anayeuliza kama amepata. Nikaanza kukagua mishono ya hema.

"Hapa kwangu," dada akasema taratibu, "bado hatujaua mgeni." Akaichukua sahani na kuelekea jikoni nyuma ya nyumba. Binti yetu akaniangalia. Sikuhitaji kuelezwa. Kisababu kilikuwa kimepatikana, tena kwa mkono wangu.

Nikamfuata dada mbio. Sikujua kwamba mkwe naye yuko nyuma yangu, akiwa na suti yake, mpaka wanawake wote waliokuwa kwenye meko walipoacha kuzungumza. Bwana harusi haingii jikoni siku kama ile. Yeye alikuwa ameshaingia.

"Mama, shikamoo."

"Umeshaniamkia leo."

"Mama, Jumatano nilikula mjini, nikaharisha mpaka nikamwomba Mungu anichukue. Halafu nikamwomba asinichukue, maana ningekosa leo. Mama mdogo akanifundisha niulize. Nimeuliza kwa sababu nataka kukaa pale kwenye kiti mpaka wazee wamalize. Sikutaka kuinuka hata mara moja mbele yako."

Jirani mmoja akapiga mwiko kwenye paja.

"Kumbe alikuwa anaendesha! Na sisi tunadhani ni madharau!"

Wakacheka mpaka mmoja akaketi juu ya gunia la viazi. Dada yangu alijaribu kubana midomo. Ukweli ni kwamba swali la kijana lilikuwa zuri: hotpoti ilikuwa imepoa na kachumbari ilikuwa inaogelea kwenye maji yake. Nilijua. Lakini mimi ni mwalimu, si mwendawazimu, nikanyamaza.

Dada akafunua sufuria ya supu ya mbuzi iliyokuwa inatokota juu ya kuni.

"Na hii? Ikague basi."

Mkwe akainama mpaka mvuke ukamfunika uso. "Hii imepita, mama."

Dada akamkalisha kwenye kigoda, katikati ya wanawake, akampa bakuli. Kijana akanywa huku jasho likimtiririka shingoni.

"Chumvi?" dada akauliza.

Nikafumba macho.

"Imepungua kidogo, mama."

Wanawake wakavuta pumzi. Dada akachota kwa mwiko, akaonja, akafikiri. Akatia chumvi, akakoroga, akamwongezea bakuli.

Mjomba wa kijana akatokea pembeni ya nyumba, akihema. Wazee wamekubaliana, akasema, na wanamtaka bwana harusi ndani sasa hivi.

"Waambie wangoje," dada yangu akamjibu bila kugeuka. "Mwanangu bado anakula."