Mikono Niliyopasha kwa Dabqaad

Hebu niambie wewe, ushawahi kuona mtu anatibiwa na mkono ambao haumgusi? Mkono uko juu hapa, mgonjwa amelala chini hapo, katikati ni hewa tu. Usicheke. Mimi nilicheka kwanza mpaka chai ikanipalia.

Aliyeniletea hiyo maneno ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, anasoma Nairobi. Alikuja kwangu mtaani Iftin wakati dada yangu mkubwa ameletwa kutoka kwao kijijini Hulugho. Dada alikuwa na ule ugonjwa wa koo, ule chakula inakataa kushuka. Ilianza kukataa nyama, halafu canjeero, ule mkate wetu laini, halafu hata maziwa ya ngamia, na huyo ni mtu amekunywa hiyo maziwa tangu azaliwe. Hospitali wakampima, wakatupatia dawa ya maji ya kutuliza uchungu, wakasema turudi nyumbani. Daktari hakusema atakufa. Alisema, "Mama, mpeni chochote anataka." Mimi shule niliiona kwa dirisha tu, lakini hiyo nilielewa.

Na dada alitaka kitu moja. Nilipomlaza kwa mkeka akanishika nguo akasema, "Abaayo, dada yangu, usikubali wanichome."

Sisi watu wa mifugo, ugonjwa ikishinda dawa, wanaume wanaita mtu wa chuma. Anaweka chuma kwa makaa mpaka inakuwa nyekundu, anakuchoma pale inauma. Wengine wanasema walipona. Dada alichomwa tumboni akiwa msichana mdogo, na mimi niliambiwa nikalie miguu yake. Alijua kijana wake atamleta huyo mtu. Si kwa ubaya, anampenda mama yake. Akikosa la kufanya, ataleta chuma.

Nikamwambia, "Wallaahi, hawatakuchoma." Nimesema tu. Mimi mwanamke mzee, mjane, na mgonjwa ana mtoto wa kiume. Nani ataniuliza?

Sasa mjukuu alitukuta hivyo, nyumba imenyamaza kama watu wameshatoka makaburini. Akakaa karibu na dada, akafunga macho, akanyoosha mikono juu ya kifua yake. Nikamuuliza, "Unafukuza nzi?"

"Hapana, ayeeyo. Inaitwa reiki. Nimefundishwa na mwalimu mmoja, ni mama. Ilitoka Japani."

"Japani? Wale wanatuletea magari?"

"Hao hao."

"Basi labda iko kitu."

Akanieleza pole pole. Ati kuna nguvu inapita kwa mikono, mtu anatulia, mwili unapumzika. Lakini alikuwa mkweli huyo mtoto. Akasema, "Ayeeyo, hii haitoi saratani. Dawa ya hospitali usiache hata siku moja. Hii ni ya kumkalia." Mimi nilisikia ya kumkalia, lakini moyo, unajua moyo, ulisikia ya kuponya.

Kumbe kujifunza lazima mwalimu akufungulie njia ya hiyo nguvu. Huyo mwalimu akanifungua kwa simu, kwa video. Nilivaa shaash yangu ya Idi, kile kitambaa cha kichwa, nikajipaka manukato, kana kwamba anaweza kuninusa. Akasema funga macho, pumua. Nikalala. Niliamshwa na mjukuu akicheka, na mwalimu ananiambia pole pole, "Mama, hata usingizi ni sawa." Kulikuwa na michoro ati nichore kwa hewa kuita hiyo nguvu. Nikakataa. Jina langu yenyewe nikiichora inatoka kama njia ya mchwa. Na sitaki kuita mtu nisiyemjua. Nilikuwa nasoma Fatiha polepole, basi. Nikamuuliza sheikh wa msikiti wetu, akafikiria, akasema, "Ukimuita Mwenyezi Mungu peke yake, na mgonjwa anapumzika, kaa naye."

Shida ilikuwa moja. Mwalimu alisema, "Utasikia mikono imepata moto, hapo ujue inafanya kazi." Mimi nikangoja moto. Nikaweka mikono kwa goti yangu, baridi. Kwa mbuzi aliyevunjika mguu, baridi, na akanipiga teke. Mjukuu alikuwa amerudi Nairobi, wa kumuuliza hakuna. Nikafikiri, moto si moto? Nikachukua dabqaad, kile chetezo chetu cha udongo, kilikuwa na makaa ya uunsi, ule ubani wetu wa kufukiza. Nikapasha mikono juu yake mpaka viganja vikaiva, nikakimbia kwa dada.

Akafungua jicho moja. "Nani amefungua duka ya uunsi kwa kifua yangu?"

"Ni nguvu hiyo. Tulia."

"Nguvu inanuka kama harusi." Halafu akasema, sauti kidogo sana, "Kila mtu anakuja hapa ananishika, ananisomea. Wewe peke yako umening'iniza mkono juu kama mimi niko na ukoma. Weka chini."

Nikaweka chini. Mjukuu alisema mkono usiguse, lakini mjukuu hakuwa amekalia miguu yake wakati ule. Mifupa ilikuwa karibu sana, kama ndege. Akashusha pumzi ndefu, akalala mpaka adhana ya alasiri.

Tangu hapo ikawa kazi yangu. Asubuhi dawa ya hospitali, mchana makaa, mikono, Fatiha. Mwalimu alipopiga simu nikamwambia ile ya dabqaad, akacheka, akasema, "Mama, hiyo sijawahi kusikia. Endelea tu." Lakini dada alikuwa anaisha. Maneno ikapotea. Ilibaki macho tu, na hayo macho yalikuwa yanaangalia mlango.

Kijana wake akaingia kwa huo mlango siku moja baada ya adhuhuri, vumbi ya Hulugho mpaka kwa nyusi. Nyuma yake mzee mmoja na mfuko wa ngozi. Sikuhitaji kuambiwa ni nini iko ndani.

"Habaryar, mama mdogo," akaniambia, "tumengoja hospitali, tumengoja dua. Sasa mama achomwe. Siwezi kukaa tu."

"Mama yako alikataa."

"Mgonjwa anajua nini?"

Mzee akaomba makaa. Nikamwambia makaa iko, kaa chini kwanza. Nikaweka dabqaad katikati yetu. Nikapasha mikono yangu, muda mrefu kuliko siku zote, mpaka ikauma. Nikamwambia kijana, "Njoo." Nikafungua kifungo ya shati yake, nikaweka viganja vyote viwili kwa kifua.

Akaruka kidogo. Halafu hakuruka tena. "Ni moto," akasema.

"Ndio. Mama yako anapata hii kila siku. Unataka moto zaidi ya hii? Ona ngozi yake. Chuma itashika wapi?"

Akamwangalia mama yake. Nafikiri alikuwa hajamwangalia tangu aingie, alikuwa anaangalia ugonjwa. Mwanaume mzima akaanza kulia, kichwa kwa bega yangu, na mikono yangu bado iko pale. Alipomaliza akamwambia mzee, "Adeer, kunywa chai, nitakurudisha stendi." Mzee akanywa chai, akabeba mfuko wake.

Halafu kijana akaniuliza, "Habaryar, nifanye nini sasa?" Nikamwonyesha makaa. Tukakaa hivyo, yeye mkono wa kulia, mimi wa kushoto, tukipasha kwa zamu. Hivyo ndivyo dada alienda. Hakupona. Niliomba apone, kila siku niliomba, na mkono wake ulipoa ndani ya mikono yangu moto, na hakuna kitu ningefanya.

Tulipomuosha, sisi wanawake, niliona zile alama za zamani tumboni. Nikazihesabu kwa kidole. Hakukuwa na mpya.

Nguvu ilipita au haikupita? Usiniulize. Majirani wananiletea magoti yao sasa, nacheka nao, napasha, nawawekea. Lakini wakiondoka nyumba inakuwa kubwa, na mkeka wake nimeukunja uko kwa kona, sijaweza kumpa mtu.

Mjukuu alikuja juzi likizo. Nikamwambia mzaha mzaha, "Na mimi, nani atapasha mikono kwa ajili yangu?" Hakucheka. Akavuta dabqaad karibu, akanyoosha viganja vyake juu ya makaa, kwa mara ya kwanza, akakunja uso kwa ule moto.

"Mimi, ayeeyo. Hata nikiwa mbali, nitakuja. Na sitaning'iniza mkono hewani. Nitakushika."