Mwendo wa Kiboko

Nyumbani kwetu Ruziba neno kiboko halikutamkwa. Baba yangu aliuawa na mnyama huyo kwenye shamba la mahindi kando ya ziwa, mimi nikiwa mdogo mno kuikumbuka hata sura yake. Tangu hapo mama alimwita "yule" tu. Hata siku mwalimu aliponichapa viboko, nilifika nyumbani nikasema nimepigwa fimbo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mama yangu hakuhitaji kuona, kusikia kulimtosha.

Basi kwaya yetu ya parokia, huko Kinanira, ikaamua kuigiza kwa nyimbo ile hadithi ya kamba ambayo kila mtoto anaijua. Sungura anamwambia tembo, "Njoo tuvutane," anakwenda ziwani kumwambia kiboko vilevile, kisha anakaa kichakani akicheka huku majitu mawili yanavutana. Mwalimu wa kwaya alidai anagawa nafasi kwa kufuata sauti. Ya kiboko alipoitaja kuwa yangu, wenzangu waliniangalia kuanzia kiunoni kwenda chini wakaangua kicheko. Mimi ni mwepesi wa hasira, ila siku hiyo sikuwajibu. Nilikuwa namfikiria mama.

Ningeweza kukataa. Lakini wimbo wa kiboko ulikuwa mzuri kuliko zote, na miaka yote nimeimba nyuma ya migongo ya wengine. Nilitaka mama anione mbele, hata mara moja.

Nilimwambia akiwa anachambua lengalenga.

"Mama, mu ile mchezo, mi njo yule."

Mikono yake ikasimama. "Mu watu wote, ni we?"

"Ni mi, mama."

Akarudia mboga zake. Hakusema atakuja wala hatakuja, nami nikakosa raha wiki nzima.

Vazi nililishona mwenyewe kwa magunia, nikalijaza vipande vya sponji kutoka kiwanda cha magodoro ninakofanya kazi. Kilichonisumbua ni mwendo. Mwalimu alitaka nikanyage kwa kishindo, lakini kila nilipovaa lile gunia mwili ulikataa. Nilijikuta nimepinda goti la kushoto nje, makalio nyuma, mdomo wa chini umelegea, naenda polepole na kusimama kila mara kama mtu aliyesahau kitu. Mwalimu aliniuliza nimeutoa wapi mwendo ule. Sikujua. Akacheka, akasema tuuache hivyohivyo.

Siku yenyewe mama alikuja, amevaa kitenge chake cha Pasaka, akaketi karibu na mlango. Mlango! Nilijua maana yake. Nilipoingia jukwaani watoto walipiga kelele za furaha, nami kupitia matundu ya macho nikakitafuta kile kitenge. Mama alikuwa amesimama. Niliogopa, ubeti wa kwanza niliuimba bila kujua kama sauti inatoka. Kwaya ikauliza, "Nani anavuta?" Ukumbi mzima ukajibu, naye bado amesimama, ncha ya kitenge mdomoni. Hakutoka. Hakuketi pia, mpaka kamba ilipokatika.

Tulirudi nyumbani pamoja, mimi na gunia langu kwapani. Tulipokaribia Ruziba nilikuwa nimeshajiandaa kugombezwa.

"Ile kutembea, nani alikufundisha?"

"Apana mutu, mama. Ilikuya yenyewe."

"Na ile goti?"

"Ile pia."

Akasimama katikati ya njia, akanishika mkono.

"Baba yako alikuwaka anatembea vile mu nyumba, anatuchezea kiboko. We ulikuwa unacheka mpaka unaanguka."

Nilisimama pale na lile gunia, nikalia. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiwaambia watu kwamba simkumbuki baba yangu.