Jaa la Majivu la Mamosa

Kwetu, kijijini Ha Rapitso, bi harusi haachwi hata apumue. Siku anapoingia kwa wakwe anavishwa blanketi, anapewa jina jipya, na jina lenyewe ni la mtoto ambaye bado hajamzaa. Mimi niliitwa Mamakhotso, mama yake Khotso, miaka kadhaa kabla Khotso hajatia mguu duniani. Jirani yangu aliitwa Mamosa, na kijiji kizima kimemwita hivyo tangu ujana wake mpaka sasa ameota mvi. Mosa mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona. Alizaliwa kimya, ameshakufa, na mama mkwe akamchukua akamzika ndani ya jaa la majivu nyuma ya nyumba, kama watoto wa namna hiyo walivyozikwa zamani. Msiba haukukaliwa. Mamosa hakupata mtoto mwingine, na mumewe alirudi kutoka migodini na kifua kibovu, akafa. Jina likabaki.

Haya nimeyajua mwaka huu tu. Nawapangia vizuri ninyi, lakini mimi sikupangiwa na mtu. Wakati yanatokea sikuelewa kitu, na mimi nisipoelewa kitu hukasirika.

Chukua hili la majivu. Kila asubuhi Mamosa hutoka na majivu ya jikoni. Mtu mwenye akili zake husimama mahali pamoja, akamwaga, akarudi kunywa uji. Yeye hapana. Hulizunguka jaa zima akinyunyiza kidogo hapa, kidogo pale, kama anayewarushia kuku punje, na upepo wa milimani huniletea majivu hayo mpaka kwenye nguo zangu kambani.

"Mamosa, unamwaga au unabariki?" nilimuuliza siku moja.

"Fua tena. Sabuni si unayo?"

Ndivyo alivyo, mdomo mkali na mkono mkunjufu. Hana mtoto, lakini watoto wa shule waliujua mpichi wake na utamu wa matunda yake kuliko walivyojua kuzidisha, na hakuna aliyewahi kufukuzwa chini yake.

Ndipo kikaja kile kitabu. Mwalimu Phamotse alivipata vitabu vya kuwafundisha watoto bustani, vya picha nyingi, na kila ukurasa kuna karoti mwenye macho na kofia ya nyasi anayetoa amri. Watoto walikuwa wakipokezana kwenda navyo nyumbani. Mjukuu wangu Nyakallo alianza kunisomea mimi, nikamwambia nina kazi, basi akahamia kwa Mamosa, ambaye macho yake hayaoni tena herufi ndogo. Kila mchana nilikuwa nawasikia wakibishana na karoti huku wakichambua maharagwe, mtoto akimwita nkhono, yaani bibi.

"Nkhono Mamosa, anasema tusitie mbegu nyingi shimo moja."

"Mwambie mimi nimepanda kabla bibi yake hajachipua. Na kitu chenye macho mimi sikitii chunguni. Endelea."

Alikipenda kitabu kile kuliko alivyokubali kusema. Shule ilitaka kujenga bustani ya kwenye picha: duara la mawe lililoinuka mpaka magotini, kijinjia kimoja cha kuingilia, na katikati kikapu cha kutilia maganda na maji machafu ya jikoni. Mamosa akaahidi mawe. Akaahidi samadi. Akaahidi hata mishubiri ya kwenye uzio wake.

Kisha Nyakallo akafungua ukurasa wa majivu. "'Majivu ya zamani ni bora kuliko mapya,'" akasoma. "'Tafuta jaa kongwe kuliko yote kijijini kwenu. Mwombe mwenyewe kwa adabu, kisha uchimbe mpaka chini.' Nkhono, kongwe kuliko yote si hili lako?"

Ni lake, nani asiyejua. Majaa yetu wengine mvua imeyasomba zamani korongoni. Mamosa akasema tu, "Tutaona," na watoto wakalichukua neno hilo kuwa ndiyo. Jumamosi wakaja na ndoo, masepetu na toroli linalolia. Wakamkuta amesimama mbele ya jaa, blanketi limefungwa kwa pini, fimbo mkononi.

"Hapa hapachimbwi."

"Lakini nkhono, tumeomba kwa adabu," Nyakallo akasema.

"Chukueni samadi. Chukueni mawe. Huo mpichi nao ung'oeni mwende nao. Majivu hapana."

Watoto wakatazamana, wakamtazama karoti wao, wakaondoka na toroli tupu. Mimi nilikuwa ukutani kwangu nimeduwaa. Mwanamke anatoa mpichi, ananyima majivu?

Mwalimu Phamotse akaja mwenyewe, kofia mkononi. Mamosa akamwambia aje Jumatatu. Jumatatu akamwambia hapana. Siku mbili baadaye akamwita njiani: waje, lakini wachimbe upande wa zizi. Mwalimu hajafika mbali akaitwa tena. Si upande wa zizi, upande wa mlango. Halafu si wa mlango pia.

"Upande upi basi, mama?" mwalimu akauliza.

"Ningeujua ningekusumbua hivi, ntate mwalimu?"

Mwalimu akaenda zake anatikisa kichwa, na kijiji kikapata cha kutafuna. Wengine wakasema marehemu mumewe alifukia humo fedha za migodini. Wengine wakasema ni dawa, na waliosema dawa wakawakataza watoto wao kupita pale. Mpichi ukazaa sana msimu ule, pichi zikaoza chini. Wakati shule inapofungwa jioni nilikuwa namwona Mamosa amesimama langoni, bakuli mkononi, na watoto wanapita upande wa pili wa njia.

Nikachoka. Nikavuka ukuta, na nilivuka kwa hasira, nikamwambia, "Leo utanieleza. Una nini na hilo jaa?"

Akanieleza. Hapo ndipo nilipojua habari za Mosa, na kwamba mama mkwe alimkataza kumtaja.

"Mimi nilikuwa nimelala ndani," akasema. "Mzazi hatoki nje, unajua. Nilisikia sepetu tu. Mama mkwe hakunionyesha, nami sikuthubutu kuuliza, kisha naye akafa. Sijui ni juu au ni chini, ni kwa zizi au ni kwa mlango. Ndiyo maana majivu nayazungusha. Nisije nikampita."

Nilizikumbuka nguo zangu kambani nikaona haya.

"Nikikataa, watoto hawaji," akaendelea. "Nikikubali, sepetu la mtoto wa mtu litamfikia wangu. Na wakicheka pale karibu naye moyo unafurahi, halafu naona vibaya kufurahi. Nimechanganyikiwa, Mamakhotso. Wewe umezaa saba, niambie nifanyeje."

Husemwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi nimezaa mara saba na wa namna ile sikuujua. Nilikunywa uji wake nikarudi kwangu, nikamwambia Nyakallo achukue kitabu aende, dawa haipo, na atakayemzuia aje kwangu.

Akaenda. Nikawasikia.

"Usianzie kwenye majivu. Soma pale kwenye mawe."

"'Bustani hii haichimbwi. Inajengwa juu ya ardhi.'"

"Rudia."

"Haichimbwi, nkhono."

"Na majivu? Karoti amesema lazima yabebwe yapelekwe mahali?"

Nyakallo akafunua mbele, akafunua nyuma. "Amesema yawe chini tu."

Kisha nikamsikia Mamosa: "Basi yapo chini tayari. Mwambie mwalimu walete mawe."

Mwalimu Phamotse alikuna kichwa. Bustani ya shule, nje ya shule, juu ya jalala la mtu? Lakini alikuwa amechoka kuitwa na kurudishwa, akakubali. Watoto wakaja. Masepetu yote yaliachwa langoni, na mmoja aliyeingia na kijiko akanyang'anywa. Walipanga mawe kulizunguka jaa, wakarundika samadi na udongo juu ya majivu, wakasimika kikapu, wakapanda karoti, spinachi na figili. Pichi zililiwa mpaka matumbo yakauma.

Ukurasa wa mwisho wa kitabu unaagiza vijiti vya majina, kila mmea na kijiti chake. Nyakallo ndiye aliyekuwa akiandika. Kilipobaki kimoja Mamosa akasema, "Hicho andika Mosa."

"Mosa ni mboga gani, nkhono? Kitabuni haimo."

"Ni kabichi ya zamani," mtoto mmoja akasema. Mwingine akasema hapana, ni aina ya figili, kwao ipo. Mimi ukutani nilimtikisia kichwa Mamosa, kwa sababu jambo kama lile watoto hawaambiwi.

"Mosa si mboga," Mamosa akasema. "Ni mtoto wangu."

Nyakallo akakitazama kijiti, akamtazama yeye.

"Yuko wapi?"

"Yumo humu."

"Upande gani?"

"Sijui, mjukuu wangu. Sijawahi kujua."

Nyakallo akakifunua kitabu kidogo, akakifunga. Akaandika jina, akakisimika kijiti pale alipokuwa amesimama, akainama, akachota maji ndooni kwa kopo.

"Basi tumwagilie pande zote," akasema, akaanza kuzunguka, na Mamosa akachukua kopo lake akamfuata.