Jezi za Fiston bado ziko kwenye kamba

Kichwa kimeshakubali, mkono ndio unagoma. Nimeandika "marehemu Fiston" nikafuta, nikaandika tena, nikafuta. Mwishowe simu yenyewe ikaanza kunipendekezea emoji ya mpira.

Basi nimwite Fiston tu. Golikipa wetu wa timu ya chuo, mkazi wa Macquarie Fields hapa Sydney, akiishi na dada yake, Mama Neema. Covid ilimchukua wiki iliyopita.

Kwa msiomjua: hakuwa golikipa mzuri sana. Tuseme ukweli, mwenyewe hakupenda sifa za uongo. Krosi alizitazama zikipita kama mtu anayetazama treni isiyo yake.

Ila timu yetu ina kanuni: anayefua jezi hawekwi benchi. Ilitungwa kwa sababu hakuna aliyetaka kufua. Fiston akanyanyua mkono wiki ya kwanza, akachukua begi, na begi halikutoka kwake tena. Kocha alipokuja kushtuka, alikuwa amechelewa.

Ligi ya vyuo ni ya wanafunzi tu. Fiston alikuwa anamaliza kozi ya aged care, ya kutunza wazee, mwaka huu, kwa hiyo huu ulikuwa msimu wake wa mwisho. Uliopita corona iliuvuruga. Huu ukasimamishwa kabla hatujazoea hata majina ya wachezaji wapya.

Akafanya jambo ambalo sijasikia mwanafunzi mwingine akilifanya. Aliomba somo moja lisogezwe hadi mwisho wa mwaka, ili mechi zikirudi zimkute bado mwanafunzi. Mwalimu akamuuliza kama ana matatizo nyumbani.

"Hapana, mwalimu. Matatizo iko golini."

Lockdown ilipokuja, begi lilikuwa kwake. Mimi niko Rooty Hill, na haturuhusiwi kuvuka kilomita tano kutoka nyumbani, ila kwa kazi. Kila Ijumaa akawa anatuma picha kwenye group: jezi zetu za kijani zimeanikwa uani, kwa mpangilio wa namba.

"Fiston, hazijachezewa. Unafua nini?" nikamwandikia.

"Nguo ikikaa inanuka. Hata wewe."

Nikampigia. Nikamwambia ligi yenyewe haijui itarudi lini, au kama itarudi. Kila wiki email: tunafuatilia hali, tunasubiri ushauri, we appreciate your patience. Miezi hii nimejifunza kwamba Kiingereza kina njia nyingi sana za kusema "sijui".

Akacheka. Halafu akanisimulia ya kambi ya wakimbizi Tanzania, alikokulia. Mama yake alikuwa na nguo za safari, seti moja kwa kila mtoto. Kila Ijumaa anazifua, anazianika, anazikunja, anazirudisha kwenye begi, na jina lao halijabandikwa ubaoni, kwenye orodha ya wanaosafirishwa ng'ambo. Majirani wakamcheka miaka.

"Na lilipobandikwa?"

"Wale wenye kutucheka, nao walibandikwa. Wakaanza kutafuta sabuni. Sisi tulipanda basi tuko safi. Sasa wewe, ndugu yangu, ligi ikiita kesho utavaa nini? Pyjama?"

Tangu siku hiyo nikawa naingoja picha ya Ijumaa kuliko email ya ligi. Niko warehouse Auburn, mask imenikata masikio, break ikifika nachungulia simu: kijani kwenye kamba. Basi, bado tuna timu.

Ijumaa ya mwisho picha ilikuja na voice note, ambulance ikiwa imeshaitwa. Sauti yote kikohozi. "Mtu asizianue. Nikitoka hospitali nitaanua mimi. Nyinyi hamujue kukunja."

Hakutoka.

Makaburini waliruhusiwa watu kumi. Timu tulikuwa kwenye Zoom, kamera inatingishika, tunaona viatu vya watu kuliko jeneza. Kocha alisahau kujimute. Mtu mzima yule, anayetufokea mvua inyeshe jua liwake, tukamsikia peke yake sebuleni kwake: "Golikipa wangu. Jamani, golikipa wangu."

Hakuna aliyemwambia azime mic.

Jana nikampigia Mama Neema kumjulia hali. Nikauliza kuhusu jezi. Akasema zimenyeshewa, zimekauka, zimenyeshewa tena, na yeye kila akifika mlangoni anarudi ndani. Nyuma yake mwanawe Neema akadakia, "Uncle said don't touch."

"Umemsikia?" Mama Neema akaniuliza.

Jioni ikaingia email ya ligi. Safari hii fupi. Msimu umefutwa.

Ninyi mnaosoma sasa mnajua. Fiston hakujua. Aliondoka ligi ikiwa bado "inafuatilia hali", jezi safi kwenye kamba, na somo moja hajalimaliza kwa makusudi. Naomba mtu asiende kumwambia.

Ndugu yangu, nimekumisi mpaka yale mabao ya kizembe. Nimemisi kugeuka nyuma nikukute unarekebisha glovu wakati mpira uko wavuni, halafu unaniuliza mimi, "Beki, ulikuwa wapi?"

Siku wakifungua barabara nakuja Macquarie Fields. Nitazianua mwenyewe, nitazifua upya, nitazikunja vibaya, utanivumilia. Begi nitakwenda nalo Rooty Hill, na Ijumaa utaona kijani kwenye kamba yangu, ligi iwepo isiwepo. Lakini kwa kanuni yetu begi ni lako. Hakuna atakayekuweka benchi.

Lala sasa, golikipa. Mpira uko upande wa kule.