Waliotumikia Falme Mbili

Mjomba wangu alipokufa Unguja, Baba alimkataza Mama kwenda msibani. Kosa la mjomba, kaka wa pekee wa Mama, lilikuwa moja tu: baada ya mapinduzi alibaki, akafanya kazi na serikali mpya. "Kala nao yule," Baba alisema. "Nnamlilia nini?" Mama aliweka simu chini akarudi jikoni kuchuja tui. Sikumsamehe Baba, na haya ninayoyasimulia niliyafanya kwa sababu hiyo.

Mchana nafanya kazi ofisini, mtaa wa Al Khuwair, huku ng'ambo tulikohamia. Ujanani nilisoma Beijing, na jioni natafsiri kitabu kimoja kinene juu ya falme za Wachina, jinsi zilivyoanguka na jinsi fasihi yao ilivyogeuka kila zilipoanguka. Kila Ijumaa baada ya Alasiri wazee watano, wote wazaliwa wa Unguja, walikuja nyumbani kwa Baba, mtaa wa Bawshar, wakinywa kahawa huku nikiwasomea nilichotafsiri wiki ile. Baba hakuwa tena na duka wala cheo. Baraza ile ndiyo heshima yote iliyombakia.

Wazee walikipenda kitabu. Mtu aliyeuona ufalme ukianguka kwa asubuhi moja hahitaji kuelezwa kwa nini washairi wa ufalme wa Ming, Beijing ilipotekwa, hawakuweza tena kuandika juu ya ua bila kuandika juu ya bustani isiyo na mwenyewe. Wengine walijificha mahekaluni wakatunga kwa siri. Wengine walinyoa mapaji ya nyuso kama watawala wapya wa Qing walivyoamuru, wakaingia kazini. Baba aliwacheka hawa walionyoa. "Kichwa cha nini, kama hakina haya?" Wazee wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao.

Kisha siku moja Mama alinituma kabatini kutafuta pasi zao za zamani, nikakuta daftari lenye mwandiko wa Baba. Mlikuwa na shairi la kumsifu Sultani, beti kumi na mbili. Kurasa chache mbele lilikuwamo tena, beti zile zile, safari hii linawasifu viongozi wa mapinduzi. Penye "Bwana" alitia "Ndugu", mizani mbili kwa mbili. Hata vina hakuvisumbua! Nilifurahi, tena furaha mbaya, nikalitia daftari mfukoni.

Kitabuni kulikuwa na sura niliyoiacha kwa muda. Zaidi ya miaka mia baada ya ushindi, mfalme mmoja wa Qing aliamuru iandikwe orodha ya waliotumikia falme mbili. Mababu zake waliwatumia watu hao na kuwapa vyeo. Sasa wamekufa, hawana faida, akawatia kwenye kitabu cha aibu, na mbao za kuchapia maandishi ya baadhi yao zikaharibiwa.

Ijumaa iliyofuata niliisoma sura hiyo. Nilipomaliza nikasema, "Na sisi tunao," nikatoa daftari. Nilisoma ubeti wa kwanza wa Bwana, kisha ule ule wa Ndugu. Sikufanya haraka.

Mmoja wa wazee wale, baada ya mapinduzi, alifungwa jela kwa miaka miwili, na hakuwahi kumsifu mtu ili atoke. Aliweka kikombe chini. "Mwandiko wa nani huo?"

Baba alikuwa akitazama zulia. Mzee akainuka, akatafuta viatu vyake, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja bila kuaga.

Nilingoja matusi. Baba aliuliza tu, "Hao Wachina walikuwa na watoto?"

"Kitabu hakisemi, Baba."

"Basi hakijesha."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya halua. "We ulikuwa na miezi mitatu," akaniambia. "Ruhusa ya kutoka ilikuwa haipatikani. Kaka yangu ndo alonambia, mwambie mumeo atunge awasifu, shairi ntalipeleka mwenyewe kwa wakubwa. Akalipeleka. Ndo tukatoka."

"Kumbe! Na Baba akakukataza kumzika?"

"Baba'ko alikuwa hawezi kulisikia jina lake. Mbali na sie, kaka yangu tu ndo alokuwa akijua habari ya shairi. Nami n'kanyamaza, n'kamwacha ndugu yangu azikwe na watu baki, ili mume wangu asiaibike." Akaitua sinia chini. "Leo umemwaibisha. Mi n'limwachia nini ndugu yangu?"

Nililiweka daftari juu ya zulia, nikatoka.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda na kitabu changu, nikiwa na maneno ya kuomba radhi niliyoyapanga njiani kutoka kwangu, Ghubra. Hakukuwa na gari hata moja mbele ya nyumba. Kupitia dirishani nilimwona Baba amevaa dishdasha, kanzu yake ya Ijumaa, na Mama, ambaye maisha yake yote hakupata kukaa kwenye baraza ya wanaume, amekaa alipokuwa akikaa yule mzee wa jela, akimmiminia kahawa. Mama alinifungulia nusu ya mlango.

"Kasome kwako," alisema, akaufunga taratibu.