Pancha za Bwana Hati

Mtaa mzima ulimwita Bwana Hati, kwa kuwa alikuwa tarishi wa mahakama na kazi yake ilikuwa kuwapelekea watu barua za kuitwa shaurini. Baiskeli yake nyeusi ikikata kona tu, milango hufungwa na wenye nyumba huwa wamesafiri ghafla. Kiumbe mmoja peke yake hakumkimbia: kunguru aliyetaga juu ya mti wa mkungu, mbele ya duka la dawa. Huyo alimfuata mwenyewe, akimpiga kichwani kila apitapo.

Kupigwa kichwani na kunguru si balaa kwa mwenye macho mawili. Bwana Hati alikuwa na moja. La kushoto liliondoka na cheche ujanani, alipokuwa akichomelea vyuma bila miwani, akijifanya gwiji. Hilo la kulia ndilo lililosoma majina kwenye hati, na ndilo lililomlisha.

"Shuka, usukume baiskeli mpaka uupite ule mti," mkewe alimwambia. "Wanamfuata anayekwenda mbio. Anayetembea wanamwacha."

"Mama watoto, miaka ishirini na sita sijaburura baiskeli mbele za watu. Nianze leo, kwa ajili ya ndege?"

 Mkewe alimnunulia miwani ya plastiki ya mafundi, akaiweka juu ya begi la hati. Bwana Hati aliivaa siku mbili. Ya tatu kulikuwa na joto, miwani ikaingia ukungu, akaitia mfukoni.

Siku hiyo kunguru alikuja kwa nyuma, akaangusha kofia. Badala ya kuinama, Bwana Hati aligeuka kumtukana. Pigo la pili likampata kwenye nyusi, upande ule ule wa kulia. Damu ikajaa jichoni na asione kitu. Alikaa kwenye ngazi za duka la dawa, kwa sababu aliogopa, aliogopa kweli. Muuza dawa alipomfuta, kitu cha kwanza alichofanya Bwana Hati ni kutoa hati ya juu begini na kusoma jina kwa sauti. Alilisoma lote.

Kuanzia kesho yake akawa anashuka hatua hamsini kabla ya mkungu, anasukuma polepole, miwani usoni, jicho juu kwa kunguru. Kunguru alimtazama tu.

"Vipi, mzee?" muuza dawa aliuliza.

"Pancha."

Ikawa pancha kila siku, wiki tatu, mahali pale pale. Nyumbani alisema hivyo hivyo, naye mkewe akawa anampa pole na chai.

Asubuhi moja mkewe alimshikia baiskeli mlangoni. "Makinda wameruka tangu juzi," alisema. "Leo hutapata pancha."

Bwana Hati alipanda, akaondoka. Alikuwa ameshafika kona alipokumbuka kwamba soko analokwenda mkewe liko upande wa pili wa mtaa, na kwamba hana shughuli yoyote ya kumpitisha kwenye ule mkungu.