L ya Milimani

Karani wa mizigo pale Sanyuanli, mtaa wa Guangzhou, ni Mpapua, mtu wa Papua Guinea Mpya, aliyeokota Kiswahili kwa wateja, na kila katoni akishaifunga huipiga kofi dogo la mgongoni, kama mtoto anayetumwa dukani. Dullah wetu, bingwa wa kujigamba kwamba mabosi wote wa Guangzhou wanakielewa Kichina chake, ingawa wengi humkimbia tu, alikuwa akisubiri mzigo simu ya karani ilipoita. “Bibi yangu anaumwa, anko,” karani akasema. “Kagoma dawa. Yeye ni wa milimani, habembelezwi kwa lahaja ya bondeni, na mimi nimekulia bondeni.”

“Mbembeleze kwa Kichina changu!”

Karani akaiweka simu mezani, spika imewashwa. Akaweka vidole kooni, akafumba macho, akaitoa L ya milimani. Si hii yetu ya ncha ya ulimi, bali ya nyuma kabisa, kwenye koromeo, kama kokoto linaloviringika mtungini. Bibi akasonya. Karani akaitoa tena, nzito zaidi, na Dullah, aliyekuwa akiiiga kimyakimya, akapaliwa mpaka machozi. Kisha bibi akaijibu kwa L ileile, ndefu, ikatetemesha meza. “Subhanallah,” Dullah akanong’ona, akinyoosha shingo asikie dawa ikishuka kooni mwa bibi: gudu, gudu, gudu.